Litembo Juu, Liuli Chini: Kupima Hali ya Nyaraka

Anayetaka kujua nyaraka za wilaya za Mbinga na Nyasa zina hali gani aanze na mwinuko. Litembo, misheni ya Wabenediktini ya mwaka 1914, iko kwenye baridi ya milima ya Umatengo. Liuli iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Wahifadhi hukadiria kwamba joto likishuka nyuzi 5, umri wa karatasi yenye asidi hukaribia kuongezeka maradufu. Madaftari mawili ya aina moja, moja juu na moja chini, hayazeeki sawa. Ila baridi haitoshi: masika yakishika na unyevu wa chumba ukibaki juu ya asilimia 65, kuvu huota hata huko mlimani.

Tathmini ya hali ya karatasi inayotajwa sana ni ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1985. Walichukua sampuli ya vitabu zaidi ya 36,500, wakapima asidi, wakakunja kona za kurasa mbele na nyuma waone kama zitakatika. Asilimia 37.1 vilikuwa na karatasi iliyokauka kiasi cha kuvunjika. Mwaka 2001 mwandishi Nicholson Baker alikishambulia kipimo hicho cha kukunja, na hapa namuunga mkono: daftari la ubatizo halina nakala dukani, ukikata kona yake umeikata.

Sampuli nayo ina mipaka. Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, maktaba kubwa huhitaji vitabu 384 hivi. Parokia yenye madaftari 300 ingehitaji 169, zaidi ya nusu! Afadhali kufungua yote. Yale walitafuta asilimia ya jumla. Paroko anatafuta daftari lipi linakufa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua madaftari, kagua jengo: paa linalovuja, rafu iliyogusa ukuta ikawa ngazi ya mchwa, maboksi yaliyowekwa sakafuni. Kwenye masijala za ushirika wa kahawa, tazama pini na klipu zilizoshika kutu. Kisha uliza kitabu kinafunguliwa mara ngapi. Kanuni ya 535 ya sheria ya Kanisa Katoliki inataka kipaimara na ndoa viandikwe pia kwenye daftari la ubatizo, hivyo mgongo wake huendelea kuchakaa miaka mingi baada ya kurasa kujaa. Daftari la namna hiyo lipigwe picha kabla ya mengine, hata kama karatasi yake bado ni imara.