“ngâ€™ombe”: Je, MIME imekitendea haki Kiswahili?

Hebu litazame neno hilo hapo juu. Si virusi, wala aliyeliandika hakukosea. Ni ng’ombe wetu yule yule, kapita kwenye barua pepe, kafika kavaa nguo za watu. Ukiielewa ajali hiyo moja, umeshaelewa uzuri na udhaifu wa MIME, kiwango kinachobeba viambatisho na maandishi ya lugha mbalimbali katika barua pepe unazotuma kila siku.

Tuanze na barabara yenyewe. SMTP, utaratibu wa seva kupokezana barua, aliuandika Jon Postel mwaka 1982. Uliruhusu ASCII tu, yaani alama 128, biti 7 kwa kila alama. Kiingereza kilitosha humo. Kiswahili cha herufi za Kilatini nacho kilitosha, maana hatuna herufi zenye kofia wala mkia. Picha, sauti na hati ya Kiarabu zilibaki mlangoni.

Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakatoa MIME. Ujanja wao ni kwamba hawakuigusa barabara. Kila kitu kifungwe kwa alama zile zile za ASCII, kisha kifurushi kibandikwe lebo ya kueleza kilichomo. Kwa viambatisho, njia kuu ya kufunga ni Base64: kila baiti 3 huandikwa kwa alama 4. Seva ya zamani inaona maandishi tu, inapitisha. Bwana, hiyo ni akili! Haikuhitajika seva zote za dunia zibadilishwe kwa siku moja.

Lakini kufunga kuna gharama. Tasnifu yako ya MB 9 inasafiri ikiwa MB 12. Seva ikiweka mpaka wa MB 25 kwa barua nzima, faili lako halitazidi MB 18 hivi. Na ukituma kwa programu ya barua iliyomo kwenye simu, kwa kawaida ongezeko hilo linakatwa kwenye bando lako.

Sasa njoo Chukwani, palipo na Baraza la Wawakilishi na Chuo Kikuu cha SUMAIT. Andika jina hilo kwa hati ya Kiarabu, “ch” ikiwa na nukta zake tatu: چكواني. MIME ya mwanzo ilitaja jedwali la herufi za Kiarabu, ISO-8859-6, ila چ haimo, na “p” ya pwani haimo. Leo tunatumia UTF-8, yenye herufi zote hizo, na jina hilo likikaa kwenye kichwa cha barua husafiri hivi:

=?UTF-8?B?2obZg9mI2KfZhtmK?=

Herufi 6 zimekuwa alama 28. Kwa kisiwa ambacho Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimehifadhi maandishi mengi ya hati ya Kiarabu, hili si jambo la pembeni. Mwanafunzi anayenakili barua za zamani na kumtumia msimamizi wake anaitegemea lebo hiyo fupi, “UTF-8”, isipotee njiani.

Na hapa ndipo penye lawama yangu. Lebo isipowekwa, MIME inasema maandishi yahesabiwe kuwa ASCII. Ritifaa ya kawaida (') imo kwenye ASCII. Programu nyingi za kuandikia, hata hivyo, huigeuza kuwa ile iliyopinda (’), ambayo kwa UTF-8 ni baiti 3. Lebo ikikosekana au ikidanganya, programu ya mpokeaji hubahatisha, na baiti hizo 3 zinasomwa kama â, € na ™. Si sura tu inayoharibika: ukitafuta “ng’ombe” kwenye sanduku lako, barua hiyo huipati.

Tuwe waadilifu. UTF-8 ilibuniwa Septemba 1992, miezi mitatu baada ya MIME. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutotumia kitu ambacho hakijazaliwa. Isitoshe, MIME iliacha orodha ya majedwali wazi, ndiyo maana UTF-8 iliingia bila kuvunja ukuta. Lakini kiwango kilipoandikwa upya Novemba 1996, UTF-8 ilikuwepo, na ASCII ikaachwa kuwa ndiyo kawaida. Anwani zenyewe zilisubiri mpaka 2012 kuruhusiwa herufi zisizo za ASCII, na mpaka leo seva moja ikikataa, barua inarudi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kama kazi ya uhandisi, MIME inastahili sifa. Kama kazi ya haki kwa lugha, iliiweka ASCII kuwa mwenye nyumba na sisi wengine wageni wa kujieleza mlangoni. Nawe unayejifunza kuandika programu, usiiache lebo iwe ya kubahatisha. Andika charset=UTF-8, kisha kabla hujamkabidhi mtu kazi, ijaribu kwa maneno mawili: ng’ombe na چكواني. Yakifika salama yote mawili, umefaulu.