Sauti, Seva na Namba Tatu

Modeli ya kutambua hisia katika sauti si tatizo tena. Unaipakua na kuendelea na shughuli zako. Kampuni ya audEERING ya Ujerumani ilitoa yake mwaka 2022: ilichukua modeli ya sauti ya wav2vec 2.0, ikaipunguza kutoka tabaka 24 hadi 12, kisha ikainoa kwa MSP-Podcast, hazina ya maongezi ya Kiingereza. Leseni yake hairuhusu biashara, na hilo ni la kusoma kabla ya kumwahidi mteja chochote.

Kazi iko kwenye sauti inayoingia. Modeli inataka sampuli 16,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida hutoa 8,000, video mara nyingi 48,000. Ukiilisha zile 8,000 kana kwamba ni 16,000 haitalalamika: itasikia mtu anayesema kwa kasi maradufu, kasauti kembamba, na itatoa alama zake bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana kila faili hupitishwa kwanza kwenye ffmpeg ligeuzwe kuwa sampuli 16,000, hata lile ambalo aliyelituma anaapa liko sawa.

Kwenye seva, FastAPI inatosha kupokea maombi, ikiendeshwa na Uvicorn. Modeli ipakiwe mara moja huduma inapowaka, si kila ombi linapofika. Ina vigezo takriban milioni 165, kila kimoja baiti 4, yaani karibu MB 660 za RAM. Washa michakato minne ya Uvicorn, kila mmoja utabeba nakala yake, na seva ya GB 2 itakata roho. Nginx inayokaa mbele yake nayo, isipobadilishwa, hukataa mzigo unaozidi MB 1. WAV ya biti 16, chaneli moja na sampuli 16,000, hula KB 32 kwa sekunde, kwa hiyo rekodi ya nusu dakika na ushei inarudishwa na kosa 413 kabla modeli haijasikia neno.

Jibu la modeli si "hasira" wala "huzuni". Ni namba tatu, kati ya 0 na 1 hivi: sauti imechangamka kiasi gani, msemaji ameimudu hali kiasi gani, na kama anaelekea furaha au karaha. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopa. Watengenezaji wenyewe walionyesha kwamba kuipata, modeli hutegemea pia maneno iliyojifunza kuyanasa, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Mchangamko wa watu wanaotaniana barazani Tanga itaupata. Utani wenyewe, sina imani. Kwa sauti za Kiswahili ningeificha namba hiyo mpaka ilinganishwe na alama za wasikilizaji wanaoijua lugha.

Wateja wakubwa wa huduma hii ni vituo vya simu. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2, 2025, umepiga marufuku kupima hisia za wafanyakazi kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mteja anayepiga simu hayumo katika katazo hilo. Mhudumu anayempokea yumo. Rekodi nyingi za vituo hivyo huwa na chaneli mbili, kila mtu na yake, na amri ya kawaida ya ffmpeg ya kupata chaneli moja huzichanganya. Chagua ya mteja kwanza, ile nyingine isiingie kabisa kwenye modeli.