Sauti isiyo na maneno: sahani moja ya Blind Willie Johnson

Kati ya sahani za santuri ambazo watu weusi wa Marekani waliimba zamani peke yao, mtu na gitari yake tu, kuna moja ambayo yatupasa kuisikiliza kwa uangalifu. Ni ya Blind Willie Johnson wa Texas, aliyeiimba mjini Dallas tarehe 3 Desemba 1927. Inaitwa Dark Was the Night, Cold Was the Ground, ndiyo kusema: usiku ulikuwa giza, udongo ulikuwa baridi. Jina hilo latoka katika wimbo wa Thomas Haweis, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18, juu ya Bwana wetu akisali Getsemani.

Basi, Johnson aliyaacha maneno yote ya Haweis. Hatusikii neno hata moja. Sauti yaugua tu, midomo karibu kufungwa, na gitari, ambayo nyuzi zake anazitelezesha kitu kigumu, yaugua pamoja nayo. Mara sauti yaanza na kukatika katikati, nayo gitari yamaliza.

Wengine husema: inatugusa kwa sababu mwimbaji alikuwa kipofu na maskini. Sisi hatukubali. Siku ileile aliimba It's Nobody's Fault but Mine kwa sauti nzito ya kukwaruza, naye alikuwa kipofu yuleyule, maskini yuleyule. Wimbo ule una nguvu nyingi, lakini hautunyamazishi hivi. Kumhurumia mtu si kumsikiliza.

Nguvu yenyewe twaiona mahali pengine. Katika makanisa mengi ya Wabatisti weusi, kiongozi hutamka mstari wa wimbo, na watu wote humwitikia polepole kwa sauti ndefu za kuugua. Johnson amechukua namna ile ya kuitikia, lakini watu hawapo. Anaugua, na anayemjibu ni gitari yake mwenyewe. Tukumbuke sasa Petro, Yakobo na Yoane: Bwana asali, nao wamelala. Haweis alitusimulia bustani ile. Johnson anatuweka ndani yake, pasipo mtu wa kuitikia. (Twajua kwamba gitari ile ni ya bluzi, muziki wa vilabuni. Kwetu hilo si kosa.)

Mtakatifu Agostino, akieleza Zaburi, alifundisha kwamba furaha ikizidi, moyo huacha maneno na kuimba sauti tupu. Alisema juu ya furaha. Lakini Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, ataja pia kuugua kusikotamkika. Sahani hii ni ya upande huo.

Johnson alikufa Beaumont mwaka 1945. Mwaka 1977 Wamarekani waliiweka sauti yake katika vyombo vya Voyager vilivyorushwa mbali angani.

Ndani ya Misa haina nafasi. Lakini katekista anayefundisha Mateso aisikilizishe darasa lake kwanza, dakika tatu na kitu, kabla ya kufungua kinywa.