Jicho la Fundi Rangi

Magari mengi yanayopita Mbagala, Tandika na Mwananyamala jijini Dar es Salaam yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na kila moja lina namba ya rangi yake kwenye kibati cha mlangoni au chini ya boneti. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida. 070 ni nyeupe ya lulu, inayotaka tabaka la msingi, la lulu, kisha la kung'arisha. Mtu anaweza kudhani namba ikishasomwa kazi imebaki kupima na kuchanganya tu. Lakini namba hueleza rangi ilivyotoka kiwandani, haielezi miaka ya jua. Hapo ndipo fundi rangi wa Temeke na Kinondoni anapostahili pongezi: huongeza tone la njano au jeusi, hupaka kipande cha majaribio, hukiacha kikauke kwa kuwa rangi mbichi hudanganya, kisha hukilinganisha juani na kivulini.

Wapo wanaosema alama ndogo iliyoachwa na jiwe kwenye boneti haistahili taabu hiyo ya kulinganisha rangi na kuiziba kwa brashi, afadhali kupuliza boneti nzima. Siafiki. Rangi ya kiwandani ilikaushwa kwa joto la tanuri, na gereji ya uwazini haina tanuri la kuikausha vile. Vumbi la uwanjani nalo huharibu zaidi kazi kubwa ya kupuliza kuliko ncha ya brashi. Wala kuiacha alama si salama: bati likibaki wazi, hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu inayotambaa chini ya rangi nzima. Fundi makini huikwangua kwanza, akapaka praima, ndipo rangi, kwa matabaka membamba.