Mhafidhina Ahifadhi Nini?

Msomaji, yako maneno ambayo watu hupokezana kama kata ya maji, kila mmoja akinywa bila kuchungulia ndani. Moja katika hayo ni neno "mhafidhina". Husemwa kwamba mkoa fulani wa Kenya ni wa wahafidhina, na mkoa fulani ni wa watu wa mageuzi. Kwamba huku watu hupenda ya jana, na kule hupenda ya kesho. Wasemao hivyo hudhani wameeleza jambo, kumbe wamelipa jina tu. Nataka tulikosoe wazo hilo, nami nakuomba usimame pamoja nami mahali ambapo nchi nzima huonekana bila kusafiri, yaani katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands.

Neno lenyewe halina kosa. Asili yake ni hifadhi. Mhafidhina ni mtu atunzaye kitu kisipotee, na hakuna mwenye akili asiyetunza kitu cho chote. Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu si kama yeye ni mhafidhina au siye. Swali ni hili: ahifadhi nini, na amkinga nani asikichukue? Majina mengi ya siasa hayawezi kustahimili swali hili.

Tazama kwanza namna mitaa hii ilivyojaa watu. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika wa mji. Kariokor ilipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi la Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni, Shauri Moyo, Ziwani, Bahati na Makongeni ya watumishi wa reli zilijaa makarani, vibarua, mafundi na wachuuzi kutoka kila upande wa nchi. Hawa walikuwa wapangaji. Shamba la mtu lilikuwa Murang'a, Siaya, Machakos au Kakamega. Huku Nairobi alikuwa na chumba cha kodi, mshahara wa mwezi na jirani wa lugha nyingine. Mtu wa namna hiyo ana machache ya kutunza mahali alipo. Si ajabu, basi, kwamba tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akataka Afrika ya Mashariki ipewe uhuru wake mara moja. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na mmoja.

Mfano ulio bora zaidi ni uchaguzi wa mwaka 1961. Tom Mboya, Mjaluo, aligombea kiti cha Nairobi Mashariki, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Wakikuyu walikuwa wengi sana katika wapiga kura. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000. Nimeutaja mwaka 1961 na kuupita ule wa 1957, ambao Mboya alishinda pia, kwa sababu mwaka 1957 Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walihitaji cheti cha utiifu kabla ya kupiga kura, na tangu msako mkubwa wa tarehe 24 Aprili 1954 maelfu yao walikuwa wameondolewa katika mitaa hii hii na kutiwa vizuizini. Ushindi wa 1957 waweza kubishaniwa. Ule wa 1961 haubishaniki.

Hapo wengi wetu, hasa sisi tuliozaliwa mjini, huvimba kichwa. Husema: mnaona? Mji huona mbele, na mashambani hutazama nyuma. Walakini tusiende mbio. Mashambani hawakuachiwa nafasi ya kuona mbele pamoja. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, iliruhusu vyama vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikatazwa, na Mkoa wa Kati ulinyimwa hata hicho cha wilaya. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1960. Kwa miaka mitano, basi, Mkenya aliyetaka siasa alilazimishwa kuifanya ndani ya mpaka wa wilaya yake, na watu wa makabila yake. Ukimfungia mtu katika chumba kimoja miaka mitano, kisha ukamcheka kwamba hajui vyumba vingine, kicheko hicho chakurudia wewe uliyefunga mlango.

Vyama viwili vya mwaka 1960 vilitoka katika malezi hayo. KANU ilianzishwa mwezi Mei, nayo KADU mwezi Juni huko Ngong, ikiwa na Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi, na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. KADU walitaka majimbo. Wapinzani wao waliwaita vibaraka na watu wa kurudisha nchi nyuma, na si bure: mwaka 1961, wakati KANU ilipokataa kuunda serikali kabla ya Kenyatta kuachiliwa, KADU waliunda serikali wakisaidiwa na walowezi. Lakini uliza swali letu. Walihifadhi nini? Walihifadhi ardhi. Mlowezi alikuwa anafunga mizigo, na mashamba aliyoyaacha Bonde la Ufa yalitazamwa na macho mengi. Makabila madogo yaliogopa kwamba serikali moja yenye nguvu Nairobi ingeyagawa kwa makabila makubwa. Hofu yaweza kuwa na kosa ndani yake, lakini si upumbavu, wala si mapenzi ya jana.

Sasa nije kwenye maandishi ambayo kila mwanafunzi wa siasa ya Kenya ingempasa ayasome, ingawa ni makavu kama mkate wa juzi. Hayo ni Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Wizara iliyohusika ilikuwa ya Tom Mboya yule yule, mjumbe wa wapangaji. Waraka huo wasema kwamba fedha ni chache, basi zipelekwe zitakapozaa zaidi, yaani mahali penye ardhi nzuri na mvua, njia na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Hutoa hata hesabu: pauni milioni moja zikiwekwa mahali fulani huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000, na zikiwekwa mahali pengine zikaongeza 100,000. Faida ya mahali pa neema, wasema, itasaidia mahali pa dhiki.

Haki yao tuwape. Waandishi hao hawakusema watu wa sehemu kavu waachwe wafe. Walitaka wasomeshwe, watibiwe, na wengine wasaidiwe kuhamia penye neema. Wala si mimi wa kwanza kuukosoa waraka huo. Mwaka ule ule, mchumi kijana Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa katika jarida la East Africa Journal, hasa juu ya mali iko mikononi mwa nani. Mimi nakosoa maneno machache tu, yale ya watu kuwa tayari kuyapokea maendeleo. Ardhi hupimwa kwa fimbo, na mvua kwa kopo. Utayari wa moyo hupimwa kwa nini? Waraka hautaji kipimo. Hivyo sifa ya tabia ya watu imetiwa kimyakimya ndani ya hesabu ya mali, na hukumu ya mkoa mzima ikatolewa bila shahidi kuitwa.

Shahidi tunaye, naye hukaa Eastleigh. Upande wa kaskazini wa nchi, uliojulikana zamani kama Northern Frontier District, ulifungwa kwa sheria za mwaka 1926 na 1934; mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Baada ya uhuru ukaja ule mgogoro wa Shifta, uliomalizwa kwa mapatano mwaka 1967, na sheria za hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kama uko mkoa uliosemwa kwamba haupokei mambo mapya, ni huu. Lakini katika miaka ya 1990 Wasomali wa Kenya, pamoja na wakimbizi waliotoka Somalia baada ya serikali yake kuanguka mwaka 1991, waliigeuza nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge kuwa soko la maduka madogo madogo. Maghorofa ya biashara yakafuata, moja baada ya jingine, mpaka Eastleigh ikawa mojawapo ya masoko makubwa ya Nairobi. Je, watu hao walibadilishwa tabia na vumbi la Eastleigh? Sivyo. Walipata mahali ambapo mlango haukufungwa kwa nje. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 204, ilianzisha mfuko wa kusawazisha kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Huko ni kukiri kwamba upungufu ulikuwa wa mabomba na barabara.

Tena mikoa haikai na jina moja. Mkoa wa Kati, ambao vijana wake waliingia msituni mwaka 1952, ulikuwa nguzo ya serikali mwaka 1966. Mwaka huo Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, aliomba kura za Kandara kwa tiketi ya KPU, chama cha Oginga Odinga, akitaka wasio na ardhi wagawiwe. Alishindwa. Nyanza ndiko KPU ilikopata ushindi wake mkubwa. Ni kweli kwamba chama hicho hakikuachwa kufanya mikutano yake kwa uhuru. Lakini hata hivyo, mtu aliyegeuka toka mpiganaji hadi mlinzi hakugeuka damu. Wako waliokwisha kupata hati za mashamba.

Kisha tazama kura mbili za katiba. Tarehe 21 Novemba 2005 Mkoa wa Kati uliunga mkono rasimu kwa wingi mkubwa. Nyanza, Pwani na Bonde la Ufa ziliikataa, nayo ikaanguka. Tarehe 4 Agosti 2010 Kati na Nyanza zilikuwa upande mmoja, na rasimu ikapita kwa kura kama 67 katika kila 100, lakini walio wengi katika Bonde la Ufa walisema la. Jambo la kushangaza ni kwamba katiba hiyo ilileta serikali 47 za kaunti, jambo linalofanana sana na lile KADU walilolilia mwaka 1963, na wana wa KADU wakalikataa! Zilikuwako sababu za dini, na mahakama za Kadhi, na kifungu cha kutoa mimba. Lakini sikiliza hotuba za wakati ule, nawe utasikia neno ardhi tena na tena. Kitu kilichohifadhiwa mwaka 1963 ndicho kilichohifadhiwa mwaka 2010. Kilichobadilika ni upande ambao watu walidhani hatari yatokea.

Nawaandikia ninyi vijana habari hizi kwa sababu jina la mkoa halikai mkoani. Hupanda basi likaja mjini, likamkalia jirani begani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, iko mitaa ya Nairobi ambayo wapangaji walihamishwa vyumbani mwao na majirani waliochota nao maji bomba moja. Hakuna aliyewauliza wamepigia nani kura. Walitazamwa majina yao, na kutoka jina wakapewa mkoa, na kutoka mkoa wakapewa siasa.

Na hao watu wa Eastlands, warithi wa Kaloleni na Kamukunji? Kila inapotangazwa kwamba nyumba za zamani za baraza la mji zitabomolewa ili maghorofa yajengwe, wapangaji wa mitaa hiyo ndio huwa wa kwanza kutaka mambo yabaki yalivyo, au angalau wapewe ahadi kwa maandishi kabla ya ukuta wa kwanza kuanguka. Jirani yangu mmoja, karani wa reli aliyestaafu, alipiga kura ya ndiyo mwaka 2010, naye hujisifu kwamba hajapata kuikataa siasa ye yote mpya. Lakini mtajie tingatinga! Atakuonyesha mwembe alioupanda uani, mlango alioutia mwenyewe, na risiti za kodi za miaka mingi zilizofungwa kwa uzi ndani ya bati la biskuti.