Fundi wa Kungoja

Washa redio leo popote kati ya Mtwapa na Mambrui, usikilize dakika chache tu. Mtangazaji anacheka kabla ya kusema la kuchekesha. Anamkatiza aliyepiga simu, anapachika tangazo la kamari, anarukia umbea wa mjini, na wimbo unaanza hali maneno yake hayajafika mwisho. Sisi tuliolelewa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela tunayasikia haya kwa uchungu.

Mbotela, mtangazaji wa redio wa Kenya aliyefariki tarehe 7 Februari 2025, alikuwa fundi wa kungoja. Katika kipindi chake alisimulia kisa cha mtu aliyekosa adabu, polepole, kila herufi ikipewa haki yake. Sauti haikupanda. Mkosaji hakutukanwa wala hakutajwa, aliachwa ajitambue mwenyewe huko aliko. Kisha kimya kidogo. Kimya hicho, ambacho watangazaji wa sasa wanakikimbia kama deni, ndicho kilichokuwa kazi yenyewe, maana humo msikilizaji alipata nafasi ya kujitazama. Ndipo ikaja ile "Je" iliyovutwa hadi unadhani pumzi itamwishia, halafu swali lililobaki likashuka taratibu: huu ni ungwana?

Nyumbani kwetu betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi, zipate nguvu kidogo ya kutosha kipindi hicho. Mtoto aliyethubutu kuzimalizia kwenye muziki alijua malipo yake. Bibi yangu hakujua kusoma hata jina lake, lakini swali lile hakuliacha lipite bila jibu. Aliweka ungo chini, akasema kwa sauti, "Si ungwana, baba, si ungwana kabisa!" Kisha akatugeukia sisi wajukuu mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbuka alilolifanya jana yake. Sijaona mwalimu wa darasani aliyetufikia hivyo.

Kipindi hicho, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966, kikadumu zaidi ya nusu karne. Mtangazaji wake alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, katika kijiji cha watumwa walioachwa huru, kile ambacho kengele yake imelipa eneo zima jina la Kengeleni. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulifikiria jambo hili la utumwa kuliko wengine. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walikimbilia Rabai na Fuladoyo. Enzi zile muungwana alikuwa mwenye shamba. Haikupita hata karne, mjukuu wa waliokombolewa akaketi mbele ya kipaza sauti, akawauliza watoto wa mabwana na watoto wa watumwa swali moja, na wote wakaona aibu sawasawa.

Uzito wa sauti hiyo waliujua hata wenye bunduki. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimtoa nyumbani, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Nchi ilikuwa imezoea kuiamini sauti ile, na wao walitaka kuiazima imani hiyo.

Imani ya namna hiyo haipatikani kwa kelele. Hujengwa kwa kulitamka jina la mtu sawasawa, kwa kumwacha mzee amalize hadithi yake, kwa kutafuta neno la Kiswahili hadi lipatikane badala ya kuokota la jirani. Vijana wetu wa Kilifi na Malindi wana sauti nzuri, na lugha wamenyonya kwa mama. Lakini anayepata kazi leo hukabidhiwa kipaza sauti kesho, akaambiwa achangamke. Hakuna mkongwe wa kuketi naye pembeni, kumsikilizisha kanda za zamani na kumrudisha mwanzo wa sentensi aliyoila. Wakongwe wenyewe wanatutoka mmoja baada ya mwingine, na hatujawauliza walijifunzaje kunyamaza.