"Kali" na "Dhaifu" katika Istilahi za Tindikali

Mfasiri wa kemia akifika kwenye neno "kali" hana budi kusimama. Tuseme mwalimu wa Idodi, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, awaonjesha wanafunzi maji ya ukwaju. Wote watasema ni makali, na Kiswahili chao ni sahihi. Kisha awaambie kwamba tindikali iliyomo, ya tatariki, ni "dhaifu". Watauliza: kikali chawezaje kuwa dhaifu? Kosa si lao. Ni letu sisi tunaounda istilahi.

Udhaifu wanaoukusudia wanakemia hauhusu ulimi wala ngozi, bali kutengana kwa molekuli katika maji. Tindikali ya siki, ikiwa moli 0.1 katika lita moja kwa nyuzi 25 za Selsiasi, ni molekuli 13 hivi tu katika 1,000 zilizotengana kuwa ioni. Ikizimuliwa mara kumi, zilizotengana hupita 40 katika 1,000. Lakini ile tarakimu ya mtengano wake, 0.000018, haisogei. Basi aandikaye "dhaifu" mahali pa "iliyozimuliwa" amepotosha somo zima. Na ajabu ni kwamba lugha ilikwisha kutupa kukolea na kuzimua, maneno ambayo kila mpishi anayajua.

Jambo hili si la darasani tu. Tindikali ya hidrofloriki ni dhaifu kwa hesabu hiyo, nayo hula kioo na kupenya ngozi hadi mfupani. Mtumishi wa ghala asomaye "dhaifu" kwenye chupa, pasipo onyo jingine, ataishika kama siki. Kwa hiyo twashauri "dhaifu" liandamane daima na mtengano: "tindikali yenye mtengano dhaifu". Ni refu, lakini halidanganyi.

Kuhusu "kisobadilika cha mtengano", muundo wake ni wa Kiswahili safi, hatuna ugomvi nao. Shaka yetu ni kwamba kitu chenyewe hubadilika halijoto ikibadilika, na istilahi inakanusha hilo waziwazi. Sisi tungechagua "kima cha mtengano", halijoto ikitajwa kando yake. Wapo watakaocheka kwa kumkumbuka mnyama wa mitini. Lakini hao hao husoma "kima cha chini cha mshahara" bila kutabasamu.